Dhahabu ya kwanza ilitoka Nyamira

Majuzi nilialikwa katika shule moja ya upili, si mbali na mji wa Keroka, kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu juu ya uandishi wa insha. Ili kuwachangamsha kabla ya kuingia katika somo lenyewe, niliwauliza swali ambalo nililiona jepesi: ni Mkenya gani aliyekuwa wa kwanza kuishindia nchi hii nishani ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki? Darasa zima lilijibu kwa kauli moja: "Kipchoge Keino!" Nilipotikisa kichwa, msichana mmoja akamtaja Paul Tergat, na mwenzake akamtaja David Rudisha. Mwalimu wao aliyekuwa ameketi nyuma alijaribu kuwaokoa kwa kumtaja Wilson Kiprugut. Huyo alikuwa amekaribia, maana Kiprugut ndiye aliyetuletea nishani yetu ya kwanza kabisa, ile ya shaba ya mbio za mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Lakini swali langu lilihusu dhahabu, na hapakuwa na hata mmoja aliyelitaja jina la Naftali Temu.

Kutoka darasa lile hadi Mugirango Kaskazini, alikoishi Temu baada ya kuacha mbio, ni mwendo mfupi wa matatu. Wanafunzi wale ni majirani zake. Baadhi yao, sitashangaa, ni wa ukoo wake. Sikuwalaumu, kwani mtoto hujua anachofundishwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na fadhaa ambayo haijaniondoka hadi leo, na ndiyo inayonisukuma kushika kalamu.

Nianze na mtu mwenyewe. Naftali Temu alizaliwa mwaka 1945, na alipoanza kujulikana alikuwa askari katika jeshi la Kenya. Alikwenda Tokyo mwaka 1964 akiwa kijana wa miaka 19, akarudi bila nishani na bila kutajwa sana. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Kingston, Jamaica, aliingia katika mbio za maili sita dhidi ya Ron Clarke wa Australia. Kwa wasomaji wachanga, inafaa nieleze Clarke alikuwa nani. Mwaka 1965 alikuwa amekimbia mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 39.4, rekodi ya dunia iliyowaacha wataalamu wakishika vichwa. Hapakuwa na mtu duniani aliyetarajiwa kumsumbua katika masafa hayo. Temu alikwenda naye bega kwa bega hadi Mwaustralia akachoka, kisha akamwacha. Waliopishana mwishoni hawakupishana kwa hatua mbili tatu. Temu alimaliza akiwa mbele kwa zaidi ya sekunde 20.

Naomba msomaji aushike mji huo wa Kingston, maana nitaurudia. Kingston uko ufuoni mwa bahari.

Kisha ikaja Mexico. Tarehe 13 Oktoba 1968, siku ya kwanza ya riadha, ndiyo iliyokuwa siku ya mbio za mita 10,000. Mji wa Mexico uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi iliwafanya wakimbiaji wote waende taratibu, kila mmoja akiogopa kuishiwa pumzi kabla ya wakati. Keino alikuwamo, tena akiwa mgonjwa wa nyongo. Ikiwa imebaki mizunguko michache aliingiwa na maumivu makali, akayumba na kuanguka nje ya njia. Clarke alibaki nyuma, na alipovuka mstari akiwa wa sita alizimia, ikabidi apewe hewa ya oksijeni. Mbele walibaki watu wa Afrika: Mamo Wolde wa Ethiopia, Mohammed Gammoudi wa Tunisia, na askari wetu. Wolde alichomoka katika mzunguko wa mwisho na akaonekana kama mtu aliyekwisha kuondoka na dhahabu yake. Temu alimfuata, akamkaribia, akampita wakiwa katika mstari wa kumalizia. Saa ilionyesha dakika 29 na sekunde 27.4. Wolde alikuwa nyuma yake kwa sekunde isiyotimia.

Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya. Ile ya Amos Biwott ya mbio za kuruka viunzi na maji ilikuja baadaye, na ile maarufu ya Keino ya mita 1,500, ambayo kila mtoto anaijua, ilipatikana tarehe 20 Oktoba, juma zima baada ya ya Temu. Katikati ya hayo Temu alirudi uwanjani, akapata shaba katika mita 5,000 nyuma ya Gammoudi na Keino, na hakutosheka hadi aliposhiriki marathoni pia. Nani leo angethubutu kumtuma mkimbiaji mmoja katika mbio tatu za namna hiyo ndani ya siku nane?

Baada ya Mexico nguvu zilipungua. Mjini Munich mwaka 1972 hakufika fainali. Aliacha mbio akiwa bado hajatimiza miaka 30, akawa mkulima katika shamba alilopewa na Rais Jomo Kenyatta. Zama zake zilikuwa za michezo ya ridhaa, na sheria zilimkataza mwanariadha kupokea hata senti moja kwa ajili ya kukimbia. Alifariki mjini Nairobi tarehe 10 Machi 2003 kwa maradhi ya saratani, akiwa na umri wa miaka 57. Siku chache magazeti yalimwandika sana, kisha yakanyamaza.

Sasa niseme kilichonifadhaisha. Si kwamba watoto hawakujua jina, maana majina husahaulika, nami nimesahau mengi. Nilipowaeleza habari hii, mvulana mmoja alinyosha mkono akaniuliza, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, kwani huyo Temu alikuwa Mkalenjin?" Wenzake hawakucheka. Waliliona kuwa swali la maana. Katika fikra zao mbio ndefu ni mali ya kabila fulani, nayo imo katika damu kama rangi ya macho, na Mkisii akishinda basi lazima iwepo siri katika nasaba yake.

Hapo ndipo ninapotaka tuurudie mji wa Kingston. Temu alipomshinda Clarke kule Mexico, wataalamu wa Ulaya na Australia walisema ni kwa sababu ya mwinuko: huyu amezaliwa milimani, hewa nyepesi ni chakula chake. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, maana hata Clarke hakuwa Clarke siku ile. Lakini Temu alikuwa amekwisha kumshinda mtu yuleyule miaka miwili kabla, pale ambapo mawimbi ya bahari yanasikika. Mwinuko ulisaidia, haukukimbia kwa niaba yake. Na kuhusu damu, ikiwa mbio ni damu, damu hiyo ilifanya nini katika vilima vya Gusii kwa miaka 40 kabla ya kukauka ghafla?

Kwa maana Temu hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Kabla yake alikuwapo Nyandika Maiyoro, ambaye kwa maoni yangu ndiye mlango ambao riadha ya Kenya iliupitia kuingia duniani. Wazee husimulia jinsi alivyochelewa kufika mstarini kule Antananarivo mwaka 1953, mbio zikiwa zimekwisha kuanza, akawafukuza wenzake na kuwashinda. Mwaka uliofuata alikimbia London katika mbio za maili tatu, bila viatu, na kwa muda mrefu Waingereza waliuona mgongo wake tu. Walimpata mwishoni, akawa wa tatu, lakini waliomshinda, Fred Green na Chris Chataway, iliwabidi wavunje rekodi ya dunia siku hiyohiyo. Mjini Vancouver, katika michezo ya himaya ya mwaka huohuo, alikuwa wa nne. Alikuwa wa saba katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na wa sita kule Rome mwaka 1960. Arere Anentia, Mkisii mwingine, aliiletea Kenya shaba ya maili sita kutoka Cardiff mwaka 1958. Wakati huo, mtu akiulizwa ni nani wanaojua mbio ndefu katika koloni la Kenya, Abagusii walikuwa katika jibu lake.

Na mbio fupi pia! Mjini Munich mwaka 1972 Kenya ilishinda dhahabu ya kupokezana vijiti ya mita 400 kwa wanne. Kati ya vijana wale wanne, watatu walitoka Gusii: Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko. Wa nne alikuwa Julius Sang. (Walimu wa historia wanisamehe kwa kuwakumbusha: Robert Ouko huyu wa Manga, bingwa wa Jumuiya ya Madola wa mita 800 mwaka 1970, siye yule waziri wa mambo ya nje aliyeuawa mwaka 1990. Nimekwisha kusahihisha insha mbili zilizomzika mkimbiaji huyu miaka 29 kabla ya siku yake.)

Halafu, wengi walipokuwa wameanza kusema kwamba zamani za Kisii zimepita, akatokea Yobes Ondieki. Huyu alikuwa wa zama nyingine. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Iowa State huko Marekani kwa ufadhili uliotokana na miguu yake, na riadha ikawa kazi yake, si burudani ya baada ya gwaride. Mjini Tokyo mwaka 1991 alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 kwa kuwakimbia wenzake mapema, katika joto ambalo lingemfanya mwenye busara asubiri. Tarehe 10 Julai 1993, katika uwanja wa Bislett mjini Oslo, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 58.38. Siku tano tu kabla ya hapo Richard Chelimo alikuwa ameweka rekodi ya dakika 27 na sekunde 7.91. Ondieki ndiye binadamu wa kwanza kupita chini ya dakika 27. Oslo nao uko kando ya bahari, kwa faida ya wale wanaopenda kuhesabu mita za mwinuko.

Baada yake Lameck Aguta alishinda marathoni ya Boston mwaka 1997, na Ondoro Osoro akashinda ile ya Chicago mwaka 1998. Tangu hapo majina yetu yamekuwa machache mno, nami sitaki kujifariji kwa kuyatafuta.

Basi ni nini kilichotokea? Damu haibadiliki katika kizazi kimoja. Kinachobadilika ni mpangilio wa mambo. Katika miaka ya 1950 palikuwa na ngazi inayoeleweka: mashindano ya shule, kisha ya tarafa, kisha ya wilaya, kisha ya mkoa, na juu kabisa ya koloni zima, hasa baada ya kuundwa kwa chama cha riadha cha Kenya mwaka 1951. Mtoto wa Nyaribari au wa Kitutu aliyekuwa na mbio alionekana, kwa kuwa palikuwa na mtu aliyetumwa kumtazama. Baada ya hapo jeshi, polisi na magereza waliwachukua vijana, wakawapa chakula, mshahara na muda wa kufanya mazoezi. Temu alikuwa zao la mpango huo kama vile majani chai ya Nyansiongo yalivyo zao la kilimo. Mti wa chai haukuota pale kwa bahati.

Tazama sasa walivyofanya wenzetu. Mwaka 1976 mtawa kutoka Ireland, Ndugu Colm O'Connell, aliwasili katika shule ya Mtakatifu Patrick, Iten. Alikuja kufundisha jiografia. Hakuwa mkufunzi wa riadha, wala hakuwa na cheti chochote cha kazi hiyo. Alimkuta mwalimu mwenzake aliyekuwa akiwafunza wanafunzi mbio, akaanza kumsaidia, na mwenzake alipoondoka akaurithi uwanja. Alikuwa na saa ya mkononi, macho ya kutazama, na jioni nyingi mfululizo. Katika shule hiyo alipita Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na Wilson Kipketer aliyekuja kuvunja rekodi ya dunia ya mita 800.

Nina mfano mwingine wa karibu zaidi. Kule Mexico mwaka 1968 Asati na Nyamau walipata nishani ya fedha ya kupokezana vijiti pamoja na Naftali Bon na jirani yetu Daniel Rudisha wa Kilgoris. Kutoka Kilgoris hadi mjini Kisii ni kuvuka mpaka tu. Mwana wa Rudisha, David, alipoonekana kuwa na kipaji, hakuletwa Kisii. Alikwenda Iten, kwa yule mwalimu wa jiografia, na mwaka 2012 mjini London akakimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, muda ambao haukuwahi kufikiwa na yeyote kabla yake. Namuuliza mwalimu anayesoma haya: mwaka ule kijana yule alipokuwa akitafuta mahali pa kufunzwa, ni shule gani ya Gusii ambayo ingemfaa?

Nisije nikaonekana kuwanyoshea wengine kidole, na niseme langu. Nilifundisha Kiswahili kwa miaka 27, na katika ratiba za shule nilizopitia palikuwa na kipindi cha mazoezi ya viungo. Kilikuwapo karatasini. Kwa kuwa hakikutahiniwa, mwalimu wa hisabati alikichukua muhula mmoja, nami nikakichukua mwingine, nikafundisha ngeli na uakifishaji huku uwanja ukiota nyasi. Tena liko jambo moja linalonichoma zaidi. Palikuwa na mvulana wa kidato cha pili aliyekuwa akija shuleni mbio kila asubuhi, na katika siku ya michezo aliwashinda wakubwa wake wote kwa karibu nusu mzunguko. Alinijia akaniuliza kama ingewezekana apewe ruhusa ya jioni afanye mazoezi. Nilimwambia, nikiamini kwamba namtendea wema, ashike vitabu vyake, maana mbio ni za watu wa Bonde la Ufa. Huenda asingefika popote, kwani wengi wanaojaribu hawafiki. Lakini jibu nililompa lilikuwa uongo, na nililitoa katika wilaya ya Maiyoro na Temu, katika miaka ileile ambayo Ondieki alikuwa bingwa wa dunia.

Siku hizi mtaala wa umilisi, ulioanza mwaka 2017, umeitambua sayansi ya michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo katika sekondari ya juu, pamoja na sanaa. Hilo ni jema, ingawa nimeishi vya kutosha kujua kwamba njia iliyochorwa katika sera yaweza kuishia katika kabati la mwalimu mkuu. Najua pia shida ya ardhi ilivyo kwetu. Kisii na Nyamira ni kaunti zenye watu wengi na mashamba madogo, na kiwanja cha shule kikiachwa bila kutumiwa juma mbili, wa tatu hupandwa mahindi. Siombi viwanja vya mamilioni. Maiyoro alijifunzia mbio katika njia hizi hizi za udongo mwekundu zinazopanda na kushuka katikati ya migomba.

Ninachoomba ni kidogo. Kila mwaka, tarehe 13 Oktoba, shule za kaunti hizi mbili zikimbize wanafunzi wake kilomita kumi kwa wakubwa na tano kwa wadogo, wasichana kwa wavulana, barabarani au mlimani, popote palipo na njia. Mwalimu mmoja asimame mwishoni na saa, aandike majina na muda katika daftari, na daftari hilo lisitupwe. Mwaka unaofuata lifunguliwe tena. Kabla ya kuanza, mwanafunzi mmoja awasomee wenzake habari za Temu kwa dakika tano, naye aziandike mwenyewe, zihesabiwe kuwa insha yake ya wiki.

Nilimweleza mwalimu mkuu wa shule ile ya karibu na Keroka wazo hili kabla sijaondoka. Alinisikiliza kwa upole, akatazama kalenda iliyokuwa ukutani, akaniambia kwamba Oktoba ni mwezi mbaya, mwalimu, ni mwezi wa mitihani. Nikamwambia ni kweli, lakini mitihani huanza saa mbili, na kilomita kumi zikianza saa kumi na mbili asubuhi, hata yule wa mwisho atakuwa amekwisha oga na kunywa chai. Alicheka, akaniuliza nani atakayeshika saa. Nimemwambia nitakuja nayo mwenyewe.